Volontia Kuingia Kambi ya Jeshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Tabora na Kigoma

Maswali haya yametoka kwa watu wanaojitolea Tabora na Kigoma: wanaofundisha huduma ya kwanza, wanaohamasisha uchangiaji damu, wanaoitwa siku za mafuriko na milipuko ya magonjwa. Yanarudi kila tunapopata kazi ndani ya kambi ya jeshi, na mengi huulizwa usiku wa kuamkia safari, wakati hakuna tena nafasi ya kurekebisha chochote. Anayeyajibu ameongoza timu za aina hiyo kwa miaka kadhaa, wala si msemaji wa jeshi. Kila kambi ina taratibu zake, na mwenye kauli ni Mkuu wa Kikosi. Agizo utakalopewa langoni likitofautiana na maandishi haya, fuata la langoni.

## Mambo ya msingi

1. Volontia msaidizi wa kiraia ni nani?

Ni raia anayefanya kazi bila mshahara chini ya chama au mpango unaotambuliwa na Serikali, kwa kazi inayozisaidia taasisi za umma, zikiwemo za ulinzi, ilhali yeye mwenyewe hakula kiapo cha kijeshi. Mfano ulio wazi ni Msalaba Mwekundu, chama kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1962 na ambacho, kama vyama vyenzake duniani, ni msaidizi wa Serikali katika shughuli za kibinadamu. Wapo pia wahamasishaji wanaoshirikiana na Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ambao kituo chake cha Kanda ya Magharibi kipo Tabora, pamoja na viongozi wa skauti na wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Tunatumia neno "volontia" kwa sababu ndilo linalosemwa matawini. Katika barua rasmi andika "mfanyakazi wa kujitolea".

2. Je, kujitolea kwetu ni sawa na kujitolea JKT, au na kuwa mgambo?

Hapana, na mkanganyiko huu una gharama. Kijana wa kujitolea wa Jeshi la Kujenga Taifa ameandikishwa, analala kambini na yuko chini ya amri saa zote. JKT lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 na malezi yake ni ya kijeshi. Mgambo ni askari wa akiba: amepitia mafunzo, anafahamika kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya yake, na anaweza kuitwa, kama walivyoitwa wengi wakati wa vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Volontia hana namba ya jeshi, hana cheo, na hakuna amri ya kijeshi inayomfikia nje ya lango.

Kijana mmoja wa timu yetu aliulizwa langoni amefuata nini, akajibu kwa kifupi, "Mimi ni wa kujitolea." Askari akamwelekeza kwa adabu kabisa kwenye foleni ya vijana waliofika na vyeti vyao kwa ajili ya usaili wa JKT, na akakaa humo karibu saa nzima huku sisi tukimtafuta. Taja jina la chama chako na kazi iliyokuleta, kwa mpangilio huo.

3. Jeshi lina madaktari wake. Raia anakwenda kufanya nini ndani?

Kambi ni mji. Ina familia, watoto wanaokwenda shule, zahanati au hospitali ambayo mara nyingi inawatibu hata raia wa jirani, visima, mashamba na mabwalo. Ugonjwa wa kuhara ukizuka mtaani, hausimami kwenye uzio wa kambi, na elimu ya usafi inayotolewa nje haitoshi iwapo ndani haikufika.

Kazi kubwa kuliko zote kwetu ni damu. Mchangiaji anatakiwa awe na umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Ukitafuta mahali penye watu wengi wa sifa hizo waliokusanyika asubuhi moja, utaona mwenyewe kwamba hakuna panapoishinda kambi ya jeshi. Na damu hiyo haibaki kambini. Inapimwa, kisha inakwenda kwa mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua pale hospitali ya Kitete, Tabora, au Maweni, Kigoma, na kwa mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria kali. Mtu aliyewahi kumwona mtoto wa aina hiyo, viganja vyake vikiwa vyeupe kama karatasi, haulizi tena kwa nini tunahangaika na barua za maombi.

Kazi nyingine ni mafunzo ya pamoja ya huduma ya kwanza, maandalizi ya sherehe za kitaifa, na dharura (tazama swali la 15).

4. Ni kambi zipi zinazotuhusu katika mikoa hii miwili?

Tabora ipo kambi ya Mirambo, yenye jina la mtemi wa Wanyamwezi aliyefariki mwaka 1884, na ipo Msange, ambayo ni 823 KJ ya JKT. Mkoani Kigoma, JKT ina Bulombora (821 KJ), Kanembwa (824 KJ) upande wa Kakonko, na Mtabila (825 KJ) Kasulu, mahali ambapo hapo zamani palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi. "KJ" ni Kikosi cha Jeshi. Andika namba hiyo kwenye barua, kwani ndiyo anwani inayoeleweka. Ziwani wapo pia wanamaji, na huko taratibu za gati huongezeka juu ya taratibu za lango.

Wengi hudhani kwamba kambi ya JKT, kwa kuwa imejaa vijana, ni rahisi kuingilika kuliko ya kikosi cha mapigano. Usiende na dhana hiyo. Barua ni ileile na daftari la langoni ni lilelile.

5. Kwa nini ulinzi wa lango ni mkali hivyo hata kwa watu wenye nia njema?

Kwanza, ndani kuna silaha, na nia njema haiandikwi usoni. Pili, kuna historia ambayo watu wa Tabora wanapaswa kuijua kuliko wengine. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, waliasi Dar es Salaam, na siku iliyofuata, tarehe 21, wenzao wa Tabora wakafuata, katika kambi iliyokuwa ikiitwa Kalewa, jina la mahali huko Burma walikopigana askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Jeshi lililojengwa upya kwa sababu hiyo lina haki ya kutaka kujua kila jina linalovuka lango lake.

Mimi binafsi sijawahi kuona kuulizwa langoni kuwa ni kudharauliwa, na ninawaomba viongozi wa timu wawaeleze hivyo watu wao kabla ya safari.

## Ruhusa

6. Nina kitambulisho cha chama na nimejitolea miaka kumi. Hakitoshi kuingilia?

Hakitoshi. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko mengine yote, na jibu lake ndilo msingi wa ukurasa huu mzima: ruhusa inatolewa kwa kazi fulani, siku fulani, kwa watu fulani waliotajwa. Haitolewi kwa mtu akae nayo mfukoni. Kitambulisho cha chama kinathibitisha kwamba wewe ni mwanachama. Hakimwambii mlinzi kwamba Mkuu wa Kikosi anakusubiri. Jumatatu uliingia kuchukua damu, Alhamisi umerudi kuchukua chupa uliyoisahau: safari ya Alhamisi ni mpya, nayo inahitaji idhini yake, hata kama mlinzi ni yuleyule na anakukumbuka.

Miaka kumi yako ina thamani kwingine. Ndiyo inayomfanya mratibu akuweke kwenye orodha bila kusita.

7. Nani anaomba ruhusa, na barua iandikwe nini?

Anaomba mratibu wa chama au mpango katika ngazi ya wilaya au mkoa, kwa barua yenye nembo, sahihi na mhuri, kwenda kwa Mkuu wa Kikosi. Volontia mmoja mmoja haombi. Pale shughuli inapohusu mkoa mzima, kama wiki ya uchangiaji damu inayofikia kilele tarehe 14 Juni, barua hupitia au hunakiliwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa au Mkuu wa Wilaya, ambao ndio wenyeviti wa kamati za ulinzi na usalama.

Barua itaje kazi kwa maneno mahususi. "Shughuli za kijamii" ni maneno yanayozaa maswali. "Kukusanya damu kutoka kwa askari watakaojitolea, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, tukihitaji ukumbi wenye kivuli, meza nne na maji" ni maneno yanayozaa jibu. Ambatanisha orodha ya majina yote na namba za vitambulisho vya Taifa, namba ya gari na jina la dereva, ambaye husahaulika kila mara, na orodha ya vifaa: mizani, masanduku ya baridi, vitanda vya kukunja, sindano. Sindano na mikasi vitajwe waziwazi ili mkaguzi asivigundue mwenyewe chini ya begi.

Peleka mapema. Sisi hujiwekea wiki tatu, na wiki ya tatu mara nyingi huhitajika.

8. Jina langu kwenye orodha halifanani sawasawa na la kitambulisho. Kuna tatizo?

Kuna tatizo, na ninalieleza kwa kirefu kwa sababu nililisababisha mimi.

Tulifika langoni saa 1:20 asubuhi, gari likiwa na masanduku manne ya baridi yaliyojazwa barafu usiku. Askari wa zamu, kijana mwenye rula ya plastiki, aliweka rula chini ya kila jina, akatazama kitambulisho, akatazama uso, akaweka alama ya penseli, akashusha rula. Alipofika jina la sita akasimama. Nilikuwa nimelinakili kutoka daftari letu la mahudhurio, ambamo dada yule alijiandikisha kwa jina la ukoo la mume wake. Kitambulisho chake cha Taifa kina jina la baba yake. Yule askari hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mama, huyu aliyeandikwa hapa siye huyu," na kwa karatasi aliyokuwa nayo alikuwa sahihi kabisa.

Yule dada ndiye muuguzi pekee siku hiyo aliyekuwa akipima wingi wa damu kabla ya mtu kuruhusiwa kuchangia. Alikaa chini ya mwembe nje ya lango mpaka saa 4 na nusu, barua ya marekebisho ilipopatikana, kusainiwa na kuletwa kwa bodaboda. Wakati huo wachangiaji wengi waliokuwa wametengewa asubuhi hiyo walikuwa wamerudi kwenye majukumu yao. Masanduku mawili kati ya manne yalirudi yakiwa na maji ya barafu peke yake.

Tangu hapo orodha inaandikwa kitambulisho kikiwa mkononi, herufi kwa herufi, na mtu wa pili anaisoma kwa sauti huku wa kwanza akikagua. Kama kitambulisho chako kimepotea au namba yako haijatoka, mwambie mratibu siku ya kwanza. Baadhi ya kambi hukubali barua ya Mtendaji wa Kata yenye picha, nyingine hazikubali.

9. Nina kaka yangu askari ndani ya kambi hiyo. Hawezi kunipitisha?

Kumtembelea ndugu kuna utaratibu wake, naye ndiye atakayeufuata. Usiutumie kuingizia kazi ya timu. Ukifanya hivyo unamweka kaka yako mahali pabaya mbele ya wakubwa wake, na timu nzima itaulizwa.

10. Volontia wa chini ya miaka 18 je?

Tunawaacha nyumbani, hata wakiwa hodari. Vijana wa klabu za shule wanaweza kualikwa kambini kwa ziara ya kimasomo, lakini hiyo ni ziara ya shule, inayoombwa na mwalimu mkuu na kuongozwa na walimu.

11. Na volontia asiye raia wa Tanzania?

Kigoma swali hili si la pembeni. Katika kambi za wakimbizi kama Nyarugusu wapo Wakongo na Warundi wanaofanya kazi za kujitolea za afya kwa moyo ambao wengi wetu tunapaswa kuuiga. Hata hivyo, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi awe na kibali hata kutoka tu nje ya eneo alilopangiwa, na kibali hicho hakimfungulii lango la jeshi. Usimweke kwenye orodha kwa matumaini. Kwa mgeni mwenye pasipoti, labda mtaalamu aliyekuja kutembelea mradi, barua imtaje peke yake, ieleze uraia wake, na ipelekwe mapema zaidi. Mara nyingi uamuzi hutoka juu ya kikosi, na iwapo jibu halijafika siku ya safari, abaki mjini.

## Langoni na ndani ya kambi

12. Simu na picha zina masharti gani?

Chukulia kwamba simu itabaki langoni au ndani ya gari ikiwa imezimwa, na umwandalie mwenye mtoto mdogo nyumbani namba ya mtu wa nje atakayepokea ujumbe. Picha usipige, si ndani tu bali hata ukiwa nje ya lango unasubiri. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inayalinda maeneo ya aina hii, na kuyapiga picha au kuyachora bila idhini ni kosa la jinai. Wafadhili wanapenda picha za taarifa. Waelezwe mapema kwamba zitapigwa na ofisa wa kikosi aliyepewa kazi hiyo, au hazitakuwepo. Taarifa yenye idadi ya chupa za damu na bila picha bado ni taarifa.

Zaidi ya kamera, zipo programu za simu zinazoandika mahali ulipo bila wewe kuziamuru, na makundi ya kutumiana ujumbe ambamo mtu huandika "tumeingia, tuko karibu na ghala". Sentensi hiyo haina nia mbaya na haipaswi kuandikwa.

13. Nivae nini?

Vaa nguo za kawaida za heshima, viatu vilivyofungwa, na kizibao au fulana ya chama chako. Usivae chochote chenye mabaka wala rangi na mshono wa sare za jeshi, iwe kofia, begi au kaptura. Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba kusalimisha sare na mavazi yanayofanana nazo, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 178, inakataza mtu asiye askari kuvaa sare hizo bila idhini. Hili linawahusu hata mavolontia ambao pia ni mgambo: siku umekuja kwa kazi ya chama, vaa ya chama.

14. Ni adabu gani zinazotarajiwa ndani?

Ukiingia utapewa mtu wa kuwaongoza, kaa naye. Njia aliyoipita ndiyo njia, na choo alichokionyesha ndicho choo. Hata kama kivuli cha jengo la pili ni kizuri zaidi, kazi ifanyike pale mlipowekwa.

Raia anayemwita askari "afande" hajakosea, awe mwanamume au mwanamke, na mwenye cheo anachokijua anaweza kukitaja: afande sajenti, afande meja. Wazee wa timu wasijisikie kupunguziwa heshima. Nimemwona koplo akimwamkia "shikamoo" volontia wetu wa miaka sitini huku akikagua begi lake mpaka chini, na mambo hayo mawili hayakugombana hata kidogo.

Bendera inapopandishwa asubuhi au kushushwa saa 12 jioni, simama wima mahali ulipo mpaka ishara ya kumaliza itolewe. Gari nalo linasimama. Ukiwa umebeba sanduku, liweke chini taratibu kwanza.

Askari anayekataa kuchangia damu asibembelezwe, wala mkubwa wake asiombwe kumwamuru. Uchangiaji ni wa hiari. Muuguzi azungumze na kila mmoja faraghani, kwani yupo atakayetaka kusema jambo la afya yake asilotaka lisikike na mwenzake aliyeko nyuma kwenye foleni.

## Mazingira yasiyo ya kawaida

15. Ikitokea dharura, bado tunahitaji barua?

Tofautisha hali mbili. Ikiwa dharura iko nje ya kambi, kwa mfano maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda na kuingia majumbani kama yalivyofanya Kibirizi miaka ya karibuni, jeshi ndilo linalotoka kuja kwa raia, na nyote mnafanya kazi chini ya kamati ya usimamizi wa maafa ya wilaya au mkoa, zilizowekwa na sheria ya mwaka 2022. Hapo hamhitaji ruhusa ya kambi, mnahitaji kujiandikisha kwa msimamizi wa eneo la tukio. Ndivyo mambo yalivyokwenda mwaka 2015, maelfu ya Warundi walipokusanyika Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, kipindupindu kikawapata, na meli ya MV Liemba ikawa inawavusha kuwaleta Kigoma mjini, ambako Uwanja wa Lake Tanganyika uligeuzwa kuwa kituo cha kuwapokea.

Ikiwa dharura iko ndani ya kambi, usikimbilie langoni hata ukisikia mlipuko na kuona moshi. Unaweza kuwa unakimbilia hatari usiyoijua, na unamwongezea mlinzi mtu wa kumzuia katika dakika ambazo ana mengi ya kufanya. Mratibu apige simu kwa kamati ya wilaya, atoe idadi ya watu na vifaa alivyonavyo, na asubiri. Msaada mkubwa wa volontia siku hiyo huwa hospitalini na mitaa ya jirani: kubeba machela, kuorodhesha waliofika, kuwatuliza wanaotafuta ndugu zao, kuchangia damu. Mkiitwa ndani, mtapewa mtu wa kuwapokea, na jina lake liandikwe.

16. Msalaba Mwekundu hauegemei upande wowote. Kuingia kambini hakuvunji msingi huo?

Wanaouliza hivi wameelewa chama chao, na wanastahili jibu kamili. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa mwaka 1949 ulilifikiria jambo hili. Kifungu cha 24 kinawalinda watabibu wa jeshi. Kifungu cha 26 kinawaweka katika hadhi hiyohiyo wafanyakazi wa vyama vya Msalaba Mwekundu waliotambuliwa na serikali zao, wanapofanya kazi hizohizo za kuhudumia majeruhi na wagonjwa, kwa sharti kwamba wawe chini ya sheria na kanuni za kijeshi. Kushirikiana na tabibu wa jeshi, basi, ndiko chimbuko la chama chenyewe.

Mpaka upo kwenye aina ya kazi. Kupima damu, kufunga kidonda, kufundisha namna ya kumlaza aliyezimia: ndiyo. Kubeba risasi, kupeleka ujumbe wa kijeshi, kueleza ulichokiona upande wa pili wa mpaka: hapana, hata ukiombwa kwa upole, hata kama mzigo ni mdogo na gari lina nafasi. Kataa kwa heshima, umtaje mratibu wako, na umjulishe siku hiyohiyo. Nembo nayo isikodishwe: kizibao chenye msalaba asiazimwe askari anayesikia baridi, na gari lenye nembo lisipakie silaha.

Kigoma jambo hili lina uzito wa kila siku. Mtu aliyekimbia watu wenye sare huko kwao Kivu au Burundi, akakukuta Nyarugusu na kizibao chako, anahitaji kuamini kwamba wewe hutokei kambini kumchunguza. Panga ratiba ili timu isitoke kambi ya jeshi asubuhi na kuingia kambi ya wakimbizi mchana ikiwa na gari lilelile. Hakuna sheria inayokataza hilo ninayoweza kuinukuu. Ni busara tu, na ninaisisitiza.

17. Nikiumia ndani ya kambi, nani anahusika?

Huduma ya haraka utaipata palepale, kwenye zahanati ya kikosi. Gharama za baadaye ni suala la chama chako na bima yako, kwa kuwa wewe si askari wala mwajiriwa. Mratibu aseme kabla ya safari kama timu ina bima. Asiposema, muulize mbele ya wenzako.

18. Nimesikia Marekani wasaidizi wa kiraia wana sare na kadi zao. Mbona sisi hatuna?

Ni kweli kwamba huko vipo vyombo vya kiraia vilivyoundwa mahususi kuyasaidia majeshi: wasaidizi wa walinzi wa pwani, walioanzishwa mwaka 1939, na Civil Air Patrol, iliyoanzishwa tarehe 1 Desemba 1941, ambayo ni msaidizi wa jeshi la anga. Wana sare zao na kadi zao. Lakini hata wao hawaingii kila kambi kwa kadi hiyo peke yake. Mkuu wa kituo husika ndiye anayeamua nani aingie, kwa shughuli gani, na lango moja linaweza kumpokea mtu ambaye lango la pili litamrudisha. Hali yao, kwa jambo hili, haitofautiani na ya muuguzi wetu aliyekaa chini ya mwembe (swali la 8).

19. Tumefika na barua imekamilika, tukakataliwa. Tufanye nini?

Ondokeni kwa utulivu. Pengine mazoezi yamebadilishwa, mgeni mkubwa anatarajiwa, au kuna jambo ambalo hamtaelezwa na hampaswi kuelezwa. Kiongozi aombe tu kujua kama arudi siku nyingine au asubiri simu, aandike saa na jina la ofisa aliyezungumza naye, na amjulishe mratibu, ambaye ndiye atakayefuatilia kwa barua. Kubishana langoni, au kumpigia simu mtu mkubwa mjini mbele ya mlinzi, kumewahi kutufungia mlango kwa miezi.

20. Nimefika nyumbani nikakuta beji ya mgeni bado iko shingoni. Nirudishe kesho?

Rudisha leo. Daftari la langoni linaonyesha kwamba mtu mmoja aliingia na hakutoka, na kwa hesabu hiyo bado unatafutwa ndani. Mpigie kiongozi wa timu mara moja, naye aijulishe kambi, kisha ipeleke mwenyewe hata kama giza limeingia. Usiipe bodaboda, usimpe mtoto wa jirani anayekwenda upande huo. Ukikaribia lango usiku, shuka kwenye chombo mbali kidogo, tembea pole mahali penye taa, mikono ikionekana, beji ukiwa umeishika mbele yako, na usimame pale utakapoambiwa usimame. Mlinzi ataipokea, atafungua daftari, ataandika saa yako ya kutoka. Subiri mpaka amalize kuandika.